Kaya Zote, Simu Moja

Mimi nina wasiwasi na watu wanaosamehe haraka. Mtu umemkanyaga leo, kesho anakuletea sukari: huyo ama amesahau, ama ana lake jambo. Wifi yangu si wa namna hiyo, na ndiyo maana tunaelewana.

Huyu ni dada wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yao. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama yake na sanduku moja. Nilipoingia pale kama mke wa mdogo wake nilimkuta ameishika nyumba, na mawifi tunavyojulikana, nikajiandaa kwa vita. Havikuchelewa. Aliingia jikoni, akakitazama kipande cha sabuni kwenye karo, akaniuliza, "Hii umeifungua jana au juzi?" Nikaona ananisimanga kwamba nafuja mali ya mdogo wake, nikamjibu jeuri. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Usimjali, mwanangu," akaniambia. "Kazi yake imemharibu. Hata mimi huniuliza chumvi nimenunua lini."

Kazi yenyewe ilikuwa udadisi wa matumizi ya kaya. Serikali ikitaka kujua watu wanakula nini, wanavaa nini na hela zao zinaishia wapi, inachagua nyumba kadhaa katika kila mtaa, na kila nyumba inapewa daftari. Kila unachonunua unaandika humo: mkate, vocha, nauli, dawa ya mbu. Mdadisi anapita mara kwa mara kukagua na kuwakumbusha wasahaulifu, maana sote tunasahau, na wengine tunasahau kwa makusudi. Mtaa wetu na ile ya jirani ilikuwa ya wifi kwa miaka mingi. Alikuwa na mbinu zake. Baba mwenye nyumba akiwa amekaa sebuleni na mkewe anataja matumizi kwa kigugumizi, wifi huomba maji ya kunywa, humfuata mwanamke jikoni, na huko ndiko anakoambiwa kilichotumwa kwa mama mzazi na kitambaa kilichofichwa chini ya godoro. Hakuwahi kutoa siri ya mtu nje, hata kwangu, na mimi nilimbembeleza sana. Watu walimwita Mama Daftari, ingawa hakujaliwa mtoto, na yeye aliitika kwa furaha.

Siku moja akaletewa kijana wa kumfundisha kazi. Alikuja na viatu vinavyong'aa na woga wa mbwa. Wifi alimfundisha kugonga geti na kusubiri, kukaa alipoonyeshwa, kutokukunja uso akiingia choo cha watu. Mchana alikuja naye nyumbani, na mimi ndiye niliyempakulia. Mkono huu huu. Nikikumbuka minofu niliyokuwa nikimchagulia, hadi leo nasikia kuungua moyoni. Kijana alikuwa na shahada, kwa hiyo haikupita muda akapandishwa, akawa msimamizi wa mwalimu wake. Hatukuona vibaya. Wifi alimnunulia tai. Hapo ndipo akaanza kuitwa Bwana Asilimia, kwa sababu kila ukikutana naye hakuulizi hali, anakuuliza umefikisha asilimia ngapi.

Kisha zikaja simu. Ofisini kwao waliamua kwamba daftari zimepitwa na wakati: zinalowa, zinapotea, watoto wanachora humo paka na magari, na kuzihamishia kwenye kompyuta kunachukua miezi. Kuanzia sasa, kwa majaribio kwanza, kila kaya ingeandika yenyewe kwenye programu ya simu, au kwenye tovuti kwa wenye kompyuta, na taarifa ingefika makao makuu papo hapo. Wazo zuri, sikatai. Wifi mwenyewe alilipokea kwa mikono miwili, maana bega lilikuwa limemchosha kwa kubeba madaftari. Ila wazo lilitengenezwa ofisini na likaletwa mtaani kwetu vilevile lilivyotoka. Nusu ya nyumba zilizochaguliwa kwa jaribio zilikuwa na simu ndogo za kubonyeza. Penye simu ya kupangusa, simu ni ya baba, na baba anatoka nayo asubuhi. Pale kona kuna bibi mmoja mjane anayeishi peke yake. Mjukuu wake alimwachia simu nzuri, lakini alipotumiwa neno la siri la kufungulia programu akalifuta, akisema matapeli wameanza tena.

Wifi akampigia Bwana Asilimia. Nilisikia kila neno, kwa sababu alikuwa ananisuka na simu ameiweka spika juu ya paja langu.

"Watu hawawezi kuingiza wenyewe," wifi akasema. "Tuwarudishie daftari, au tufanyeje?"

"Dada yangu, usijisumbue," sauti ikajibu. "Waulize kwa mdomo, ingiza wewe kwa simu ya ofisi. Mimi nitathibitisha. Tunachotaka ni asilimia."

Basi akapita nyumba kwa nyumba, watu wakasema, yeye akachapa. Hakuongeza hata kijiti cha kiberiti. Kule makao makuu kompyuta ikaonyesha kwamba kaya zote za eneo lile zimeandika kwa simu moja, wakauliza kulikoni. Kanuni yao iliruhusu mdadisi kuiandikia kaya iliyoshindwa, mradi msimamizi athibitishe kwamba anajua na kwamba taarifa zimetoka kwa watu kweli. Neno moja tu la Bwana Asilimia lingetosha. Wakaitwa kikao, wadadisi wote wamekaa, wifi amesimamishwa mbele. Bwana Asilimia akaulizwa. Akajibu, "Sikumtuma. Huyu mama sijui taarifa hizi alizitoa wapi."

Huyu mama. Si dada tena. Nasikia alisema hivyo huku anarekebisha tai.

Kwa watu wa kazi ile hakuna aibu kubwa kuliko kuambiwa umepika takwimu. Kuiba kuna nafuu. Mwizi alau ameona kitu akakichukua. Wifi akafutwa kwenye orodha ya wadadisi, na habari ikafika mtaani kabla yake. Kikundi cha akina mama alichokuwa katibu wake kikamwomba apumzike kidogo, na kupumzika huko hakukuisha. Muuza duka akapata utani mpya: "Mpishi, leo umetuandalia nini?" Watu wakacheka, hata wale ambao siri zao za jikoni wifi alikuwa amezibeba miaka yote. Aliyeendelea kumwita Mama Daftari ni bibi wa kona peke yake. Bibi alimwambia muuza duka mbele ya wateja, "Mimi nilimtajia huyu matumizi yangu kwa mdomo wangu, na anayesema ni uongo ananiita mimi mwongo."

Wifi hakulia. Ningefurahi angelia, tungelia pamoja yakaisha. Akapata kazi kwenye kibanda cha kutoa kopi, akawa anashinda anageuza makaratasi ya watu chini ya ule mwanga wa kijani. Nyumbani akiwa anakunja nguo ghafla husimama na shati mkononi, na mimi najua yuko kwenye kile kikao. Niliwahi kumwambia, "Wifi, ukimpata utamfanya nini?" Akafikiri kwa dhati, kama nimemuuliza tupike nini. Akasema, "Nataka asimame palepale niliposimama. Pale pale. Halafu atafute mtu wa kumsemea." Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Miaka ikapita, jaribio likawa kazi kamili. Safari hii utafiti mzima ulikuwa wa simu na tovuti, hakuna daftari hata moja. Mtaa wetu ukachaguliwa tena, na katika nyumba zilizochaguliwa yetu ikiwemo. Binti mmoja mwenye begi mgongoni akaja kutuwekea programu kwenye simu yangu. Wiki ya kwanza niliandika kwa bidii, hadi pipi za watoto wa jirani niliziandika. Baadaye nikachoka, nikasahau, bando likaisha, na simu ikawa inalia kunikumbusha mpaka nikaizima mlio. Nyumba nyingine zilikuwa hivyo hivyo au mbaya zaidi. Binti naye akachoka, akaacha kuja.

Ndipo akaja mwenyewe. Tulisikia hodi, mama mkwe akakaribisha, na Bwana Asilimia akaingia na kitambi ambacho hakuwa nacho zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu mama mkwe, halafu akatazama pembeni.

Wifi akatokea chumbani. Mimi nilishika mwiko, sijui nilitaka kufanya nao nini.

"Dada! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Kitambulisho."

Akacheka. Wifi hakucheka, akanyoosha mkono, na yule bwana ikabidi afungue pochi akitoe. Wifi akakisoma mbele na nyuma.

"Sasa tusomee ahadi ya kutunza siri."

"Dada, mimi na wewe wa kusomeana ahadi?"

"Kaya inasomewa. Si ndivyo nilivyokufundisha?"

Akaisoma yote, amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae. Aliporuka mstari wifi akamrudisha nyuma. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la jikoni nauma kanga nisicheke.

Alipomaliza akaomba kuzungumza na dada yake pembeni. Pembeni yenyewe ni uani, hatua mbili kutoka kwenye pazia langu, kwa hiyo nilisikia. Alisema eneo limekufa, kaya hazijibu. Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja wiki ijayo, na mkataba wake yeye unaisha mwezi huu. Eneo hili likifutwa hawamwongezi, na ana nyumba aliyoanza kujenga, na mke ni mjamzito.

"Watu wa huku wanakusikiliza wewe," akasema. "Pita nao, waingizie. Nitakupa simu ya ofisi. Nitakulipa vizuri."

"Yaani nifanye lile nililofukuziwa."

"Dada, yale yalipita. Ofisi zina mambo yake."

Nikadhani atamtemea mate. Nilikuwa tayari kumshikia wifi kanga.

"Simu yako sishiki," wifi akasema hatimaye. "Ulisema mkono huu unapika. Nitakuwa mwenyeji wako, nikutembeze. Watu watasema, utachapa wewe, kwa simu yako mwenyewe."

Bwana Asilimia akafurahi kama mtu aliyepunguziwa bei. Alipoondoka nikamvaa wifi. "Umelogwa? Mtu aliyekuzika akiwa anakuona unapumua, wewe leo unambebea jeneza?"

"Kaa chini," akaniambia. "Siku hizi kanuni imebadilika, niliisoma kibandani walipoileta kutoa kopi. Wasimamizi walikuwa wanalindana, wakanyang'anywa. Mdadisi akiiandikia kaya, anayethibitisha sasa ni mwenyeji aliyetembea naye. Mwenyeji akisema hakuona, eneo lote linafutwa, na aliyechapa anahesabiwa amepika."

"Na mwenyeji ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

Nilisisimkwa mwili mzima. Nikainuka nikamwekea chai, nikamtilia sukari kama ya wageni.

Wakatembea. Kibandani aliomba ruhusa, na kila siku nilimwona anatoka na mwavuli wake, Bwana Asilimia nyuma amekumbatia simu. Naomba nikiri jambo linalonikera: yule bwana alifanya kazi nzuri. Kwa kuwa wifi alikuwa kando yake, watu walifungua midomo. Wale wale waliokuwa wanamwita Mpishi sasa walimpa kiti. Wakasema kweli, wakatoa mifuko kabatini kuonyesha, wakabishana mume na mke nani alinunua betri ya saa ya ukutani. Kwa bibi wa kona walikaa asubuhi nzima. Bibi hakutaka kukosea. Alitaja kila kitu, akasimama kwenda kuangalia ndani, akarudi, akasahihisha, akamwambia Bwana Asilimia, "Futa hapo, mwanangu, nisije nikaidanganya serikali." Na yeye akafuta, jasho linamtiririka, akaandika upya. Jioni alimshikia wifi mwavuli mpaka mlangoni kwetu. Dada huku, dada kule.

"Amekuomba radhi?" nikauliza.

"Bado. Nampa nafasi," wifi akasema. "Kila tukitoka nyumba moja kwenda nyingine natembea polepole, labda atasema. Anaongelea mabati."

Siku ya mkaguzi niliamka na mwili mwepesi kama naenda harusini. Akaja mama mmoja mrefu, miwani, sauti ya upole, gari limeachwa linanguruma nje kwa sababu alikuwa na maeneo mengine ya kufikia. Akakaa sebuleni kwetu, kishikwambi mapajani. Bwana Asilimia alikaa pembeni yake, mama mkwe kwenye kochi lake, wifi kwenye kiti cha mbao, mimi kwenye stuli nachagua mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa.

"Kaya zote za eneo hili zimeandika kwa simu moja," mkaguzi akasema. "Simu ya msimamizi."

"Niliwasaidia, mama," Bwana Asilimia akasema haraka. "Mwenyeji yupo hapa, tulikuwa naye kila mahali."

Mkaguzi akamgeukia wifi, akamtazama kwa muda. "Nimezisoma hizi taarifa. Ni nzuri. Zina usahaulifu wa watu, zina ubishi wa watu. Na nilipoona jina lako nikaenda kutafuta lile faili lako la zamani. Nalo lilikuwa hivi hivi." Akashusha sauti. "Sikuwepo wakati ule. Lakini ukinithibitishia haya, kwamba njia hii inaleta ukweli, nina sababu ya kulifungua lile. Naweza kuandika kwamba hukupika. Utarudi kwenye orodha."

Mama mkwe akashika kifua. Mimi mchele ukanimwagika. Hatukuwa tumelipigia hesabu hilo. Tulikuwa tumejiandaa kwa adui, tumeletewa mtu mwema, na anashika mkononi kitu kilekile ambacho wifi alikuwa amekililia kimyakimya miaka yote. Neno moja, ndiyo, na jina lake linarudi. Ila neno hilo hilo lingemwokoa na yule.

"Mwambie, dada," Bwana Asilimia akasema. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini, unachukiza.

Wifi hakumjibu mkaguzi. Alimgeukia yeye. "Na lile la kwangu, je? Nani alinituma?"

Yule bwana alimtazama mkaguzi, akatazama kishikwambi. Angesema tu. Mkaguzi alishasema yuko tayari kulifungua, angepata labda karipio, angepata labda barua. Akarekebisha shingo, ingawa siku hiyo hakuvaa tai.

"Lile ni la siku nyingi," akasema. "Kwa kweli sikumbuki vizuri."

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitegemea.

"Mama mkaguzi," akasema, "uliza swali lako."

"Je, ulikuwepo kaya hizi zilipotoa taarifa?"

"Hapana."

"Dada!"

"Sikutembea na mtu. Huyu bwana sijui taarifa hizi alizitoa wapi."

Neno kwa neno, ila "mama" limegeuka "bwana". Alilihifadhi lilivyo, halikupungua hata herufi, na alilisema bila kupaza sauti. Jamani, kuna watu wanasema kisasi kinaacha uchungu mdomoni. Mimi nilisikia tamu mpaka kwenye meno. Bwana Asilimia alisimama, akakaa, akasimama tena. Akamgeukia mama mkwe: "Mama, si ulikuwa unatuona tunarudi?" Mama mkwe akainamisha kichwa, akawa anavuta uzi kwenye kitambaa cha kochi. Akanigeukia mimi. "Shemeji! Shemeji, wewe si ulikuwa unatufungulia mlango?"

"Mimi nachagua mchele, baba," nikamwambia.

Mkaguzi alivua miwani. "Nakuuliza mara ya mwisho," akamwambia wifi, na sauti yake haikuwa ya kukaripia, ilikuwa ya kubembeleza. "Unaelewa kwamba ukisema hapana, na lile la kwako siwezi kuligusa?"

"Naelewa."

"Na bado ni hapana."

"Bado."

Mkaguzi akabonyeza. Hakukuwa na kelele wala nini, kidole tu kwenye kioo. Akamwambia Bwana Asilimia amfuate garini, na yule bwana akatoka mlangoni kwetu bila kuaga, mgongo umelowa jasho. Wifi alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, anapumua kama mtu aliyetua ndoo. Nilimkumbatia. Mama mkwe akaenda kulala mchana ule bila kula, nikamsema moyoni kwamba wazee hawajui kufurahia mambo.

Mkataba haukuongezwa. Tulisikia anatafuta mtu wa kumuuzia yale mabati. Nilikwenda dukani makusudi, nikamsimulia muuza duka taratibu, nikiweka vituo.

Siku chache baadaye binti mwenye begi akarudi mtaani. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaeleza watu kwamba taarifa zao zimefutwa kwa sababu zilikuwa za kupikwa, na sasa wanaombwa kuanza upya. Hatukulifikiria hilo. Akili yetu yote ilikuwa kwenye tai na kitambi, hatukukumbuka kwamba zile taarifa zilikuwa na wenyewe.

Bibi wa kona alikuja saa ya kuanua nguo. Alikuja na mkongojo, mwendo wote ule, na alipofika uani hakukaa kwenye kiti nilichomvutia.

"Binti wa serikali ameniambia nimepika," akamwambia wifi.

"Si wewe, bibi. Ni yule bwana. Nilikuwa namlipa yeye."

"Mimi nilikaa asubuhi nzima nasema. Ulikuwepo, ulikaa hapo nikikuona. Nikaenda kabatini, nikarudi." Akasogea hatua moja. "Wakakuuliza kama nilisema, ukasema sikusema?"

Wifi alilirudisha kambani shuka alilokuwa ameshalianua.

"Walipokuita wewe mwongo mimi nilisimama dukani nikakusemea," bibi akasema. "Mimi nani atanisemea?"

Hakusubiri jibu. Nilitaka kumsindikiza, akanikataza kwa mkono. Wifi alimfuata mpaka getini akimwita, bibi, bibi yangu, na yule mzee hakugeuka.

Binti wa serikali alipofika tena pale kona, bibi alimwambia nyumba ile haina mtu anayenunua kitu. Mimi, ukiniuliza, bado nasema Bwana Asilimia alistahili mara mbili. Lakini wifi haniulizi. Jioni akitoka kibandani hupita kwa bibi, husimama mlangoni, husalimia, na bibi huitikia kutoka ndani kama anavyowaitikia wapita njia.